Saizi ya Koti

Nyumba ilikuwa imeshaanza kuishi bila Mama Pacha, na Mama Pacha mwenyewe alikuwa bado yumo ndani, amekaa kwenye cherehani yake dirishani, anapinda mapazia ya watu. Jikoni alikuwapo mumewe, fundi bomba mwenye viganja vipana kama sahani, anabishana na sufuria ya wali. Sebuleni binti zake mapacha walikuwa wanagombania zipu ya sketi ya mteja, kila mmoja akidai yeye ndiye anayejua kuitia. Hakuna aliyemwita. Hakuna aliyesema, "Mama, hebu njoo uangalie." Walikuwa wanafanya mazoezi ya kumkosa.

Mambo yalianzia kwenye uzi. Mama Pacha alikuwa amevuka arobaini bila kelele, hana hili wala lile, mpaka siku alipogundua kwamba tundu la sindano limeanza kumkimbia. Analamba uzi, anaunyoosha, anafumba jicho moja, na uzi bado unapita pembeni. Akawa anawaita mabinti wamtungie. Kisha akatia zipu ya suruali ya mtu kinyumenyume, na mwenye suruali hakuona cha kuchekesha. Siku ya pili yake Mama Pacha alinyanyuka akaenda duka la miwani.

Mpima macho wa pale alikuwa baba mmoja mpole, anayependa kuimba chini chini akiwa kazini. Alimvisha fremu nzito ya chuma, akawa anamtumbukizia vioo kimoja baada ya kingine. "Hiki, au hiki? Na hiki je?" Mama Pacha aliona herufi zikitoka kwenye ukungu moja moja, zikasimama zimenyooka kama wanafunzi mstarini. Akauliza kioo kile kimefanya nini. Akajibiwa. Akauliza tena. Aliuliza maswali mengi hata mteja aliyekuwa nje akaanza kukohoa kikohozi cha makusudi.

"Mama," yule mpima macho akamwambia akicheka, "haya yote yanafundishwa. Kuna chuo. Ni miaka miwili, na watu wazima wanachukuliwa."

Maneno yale hayakumtoka. Shuleni, enzi zake, alikuwa amefanya vizuri, isipokuwa fizikia, ambayo alipita kwa kunyata. Halafu ikaja ndoa, wakaja mapacha, ikaja cherehani. Hakuwa na kinyongo na chochote kati ya hivyo. Ila sasa alitaka kumtumbukizia mtu mwingine kile kioo na kumwona uso unavyobadilika.

Akaomba, akaitwa kwenye usaili. Chuo kilikuwa mji mwingine, mwendo wa nusu siku. Alikaa mbele ya watu watatu, mikono ameibana magotini, wakamuuliza kwa nini anaitaka kazi hii. Akawaeleza habari ya uzi na ya suruali. Wakacheka mpaka mmoja wao akavua miwani kupangusa machozi, akasema, "Hii ndiyo aina ya mtu tunayemtafuta." Ndivyo alivyosema, neno kwa neno. Mama Pacha aliyarudia maneno hayo kichwani njia nzima ya kurudi nyumbani, hakuna herufi iliyopotea.

Na hayakuishia hapo. Dada wa udahili, msichana mchangamfu mwenye viatu vya kulia ko-ko-ko, alimsindikiza mpaka getini. Njiani akamwonyesha bweni. "Watu wazima tunawaweka vyumba vya chini, mama, msihangaike na ngazi. Wewe tutakupa kile chenye dirisha la bustanini. Karibu sana, tutaonana muhula ukifunguliwa."

Wiki chache baadaye yule dada akapiga simu.

"Mama, hujambo? Tunaulizia saizi yako ya koti."

Mama Pacha akaweka mkasi chini. "Koti gani, mwanangu?"

"Koti jeupe la maabara. Tunaagiza mapema."

Fundi hapimwi kwa kukisia. Mama Pacha aliivuta tepu iliyokuwa inaning'inia shingoni, akajipima kifua, mabega, kiuno, na urefu wa mkono mpaka kwenye kifundo. Akamtajia yote, akaongeza kwamba bega lake la kulia limeshuka kidogo kwa sababu ya kuinamia cherehani, kwa hiyo huyo atakayeshona asilifanye koti sawa pande zote.

Yule dada akacheka kidogo. "Mama, hapa nina sehemu ya kuandika ndogo, ya kati, au kubwa."

"Basi andika kubwa."

Baba Pacha alipoelezwa jioni, alipiga meza. "Kwisha habari! Nani anamuuliza saizi ya koti mtu asiyemtaka?"

Hapo ndipo nyumba ilipobadilika. Baba Pacha aliapa kwamba wanawe hawatakula mikate mikavu miaka miwili, akaingia jikoni kwa miguu yote miwili. Wali wa kwanza ulikuwa uji, wa pili ulikuwa changarawe. Mapacha nao wakagawana cherehani. Mmoja aliitwa Mkubwa kwa kuwa alitangulia kutoka tumboni, na mwingine Mdogo, ingawa Mdogo alikuwa amemzidi mwenzake kimo na hakuacha kulitaja jambo hilo hata kwa wageni. Mkubwa akashika sare za shule, Mdogo akashika mapazia na zipu.

Na wifi yake, dada wa Baba Pacha, mwanzoni alicheka mpaka akashika ukuta. "Wifi yangu, umri huu unakwenda kulala bweni?" Lakini kicheko kilipokwisha, yeye ndiye aliyeleta begi la safari, na yeye ndiye aliyetangaza. Mdomo wa wifi haukuwa na mlango. Haikupita wiki, mtaa mzima ukawa unajua. Muuza vifungo akaanza kumwita "daktari". Mama Pacha alikuwa anakanusha, "Si daktari, ni kupima macho tu," huku anajisikia amerefuka.

Ujumbe ulikuja mchana mmoja, kwenye simu, akiwa katikati ya pindo la pazia. Aliusoma. Akavua miwani, akaipangusa, akausoma tena. Walikuwa wanasikitika kumjulisha kwamba ombi lake halikufanikiwa, na walikuwa wanamtakia kila la heri. Basi. Hapakuwa na habari ya dirisha la bustanini.

Alilimaliza lile pindo mpaka mwisho. Akakata uzi, akalikunja pazia vizuri, akaliweka juu ya mengine.

Jioni ile, kwa bahati yake, ilikuwa ndiyo jioni wali ulipomkubali Baba Pacha. Aliuleta mezani ameinua sinia juu kama kikombe cha ubingwa. "Tazameni! Punje na punje, hakuna inayomjua mwenzake!" Mapacha wakapiga makofi. Mama Pacha hakuwa na moyo wa kuivunja furaha ile. Alipakua, akala, akausifu, na kweli ulistahili sifa. Mumewe alipomaliza kueleza kwa kirefu siri ya kupunguza moto, na sahani zikawa tupu, ndipo akasema.

"Chuo wamenikataa."



"Lakini walichukua saizi ya koti!" akasema Mdogo.

Baba Pacha akasimama. "Nani kasema? Yule wa ko-ko-ko? Kesho asubuhi naondoka nakwenda hukohuko."

"Unakwenda kufanya nini, Baba Pacha? Kuwazibia mabomba?"

Alikusudia kuchekesha, lakini sauti ilimkatikia njiani. Mkubwa akaanza kulia, na Mkubwa akilia Mdogo hawezi kubaki nyuma, na Mama Pacha alipoona mabinti wake wanamlilia yeye, naye akaachia. Baba Pacha akabaki amesimama na mwiko mkononi, hajui aanze kumbembeleza nani. Mwishowe akavuta kiti karibu na mkewe, akakaa, akamshika mkono, hakusema kitu. Alikuwa mtu wa maneno mengi, na hiyo ilikuwa zawadi.

Kilichomuumiza zaidi Mama Pacha si kukataliwa. Kukataliwa angekuvumilia kama asingeonjeshwa. Alikuwa ameshakipanga kile chumba kichwani mwake, ameshajua taulo litatundikwa wapi. Na sasa atoke nje, akutane na muuza vifungo, aitwe daktari, aanze kueleza. Aeleze dukani, kisimani kwa majirani, kwa wateja, kila mtu kwa zamu yake, na kila mtu amwekee ile sura ya pole. Alikaa ndani siku kadhaa akisingizia mafua.

Wifi alipokuja kumwona hayo mafua, Mama Pacha alikuwa ameshapata wazo.

"Wifi, ulinitangaza kwenda. Sasa nitangazie kubaki."

Wifi akamtazama, midomo inamcheza, hajui achukie au acheke. "Yaani mimi ndiye redio yako?"

"Nani mwingine? Uwaambie nimekataliwa, nimeshalia, nimemaliza, na sitaki pole ya mtu."

Wifi alifunga kanga yake vizuri kiunoni, akatoka kama mtu anayekwenda kazini. Alifanya kazi safi. Mama Pacha alipotoka kununua vifungo, muuza vifungo alimtazama kidogo tu, akauliza, "Vyeupe au vyeusi?" Na alipomfungia, akamwongezea vichache juu bila kusema ni vya nini.

Simu kwa dada wa udahili aliipiga mwenyewe, asubuhi, mabinti wakiwa shule na mumewe kazini. Hakutaka ugomvi. Alitaka kujua.

Yule dada alipoitambua sauti, akashusha pumzi ndefu. "Mama, mimi nilikuwa nakuogopa wewe kuliko wote."

"Kwa nini uniogope?"

"Kwa sababu nilikuambia mambo yasiyokuwa yangu kuyasema. Makoti tunawauliza wote waliofika usaili, maana fundi wetu anachelewa sana. Na lile bweni… mama, nilikupenda tu. Nikaongea kama mambo yamekwisha, na wakubwa walikuwa hawajakaa kikao."

"Na walipokaa?"

"Nafasi zilipunguzwa. Wakaangalia fizikia. Yako ilikuwa chini, wakaona utahangaika. Yule aliyesema unafaa alikutetea, lakini alikuwa mmoja."

Mama Pacha akalipima jibu. Lilikuwa chungu, lakini lilikuwa na pindo, lilikuwa na mwanzo na mwisho. Alichokuwa anakiogopa ni kuambiwa ni mzee.

"Samahani sana, mama," yule dada akasema, na ilisikika kwamba analia.

"Usilie, nimeshalia mimi kwa niaba ya wote. Sikiliza, mwanangu. Usiache kuwachangamkia watu. Ulinifanya nikatembea kama nimeshafaulu, na ilikuwa miezi mizuri. Ila kuanzia sasa, mambo ya makoti waulizeni watu baada ya kikao."

Yule dada akacheka katikati ya kilio, akaahidi.

Basi Mama Pacha akajikaza, akaona sasa arudi kwenye maisha yake. Tatizo ni kwamba maisha yake yalikuwa yameshachukuliwa. Aliingia jikoni, akafungua kabati, chumvi haipo ilipokuwa kwa miaka yote. Alipoanza kukata vitunguu, mumewe akatokea mlangoni na nguo za kazi, maji yanamchuruzika.

"Mama Pacha, tafadhali. Leo nilikuwa na mipango na hivyo vitunguu."

"Mipango gani? Mimi siendi popote tena, unaweza kupumzika."

Baba Pacha akakuna shingo, akatazama chini kama mtoto aliyekutwa na sukari. "Kusema kweli, sitaki kupumzika. Kutwa nzima nashika mabomba ya watu, hakuna anayenisifu. Hapa nikipika, watu wanakula na wanataka tena. Niachie sufuria, mke wangu. Niachie hata nusu ya wiki."

Akaenda kwenye cherehani. Mkubwa alikuwa ameikalia, mguu unakwenda, mbele yake rundo la sare. "Hizi niliahidi mwenyewe, Mama. Mteja anataka zangu." Mdogo naye alikuwa ameshampima mteja wa mapazia peke yake, na mteja amemlipa na kumshukuru.

Mama Pacha akaketi kwenye kochi saa ambazo kwa kawaida hakuwahi kulikalia. Alijiona mgeni. Kidogo atake kukasirika, alimwambia wifi yake, "Wamenifukuza kazi zote." Wifi akamkodolea macho. "Wewe mwanamke, mume anapika, watoto wanashona, umekaa kwenye kochi, halafu unalalamika? Usiliseme hilo nje, utapigwa."

Wakacheka wote wawili, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza kilichotoka tumboni tangu ule ujumbe.

Ilikuwa kwenye kochi hilohilo ndipo aliposikia mapacha wanabishana. Walikuwa na mtihani karibu, vitabu vimetapakaa mezani, na Mdogo anasoma kwa sauti kwamba mwanga ukiingia kwenye kioo unapinda. Mama Pacha akageuza kichwa.

"Unapinda vipi?"

"Unapinda tu, Mama. Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hakuna kitu kinachopinda tu. Niambie unapinda kwa sababu gani."

Mdogo hakujua. Mkubwa alijua nusu. Wakaleta glasi ya maji wakatumbukiza kijiko, kijiko kikaonekana kimevunjika pale kilipoingia majini. Mama Pacha alikitoa, akakitumbukiza, akakitoa tena. Walikaa na kile kijiko mpaka baba yao akaja kukidai.

Kuanzia siku hiyo, mabinti wakiketi kusoma, mama yao naye anavuta kiti. Fizikia aliyoipita kwa kunyata sasa akaikabili usoni. Mkubwa alikuwa mwalimu mkali, hana huruma. "Mama, lenzi mbinuko inafanya nini? Si hivyo. Rudia." Mdogo alikuwa mpole lakini anakosea naye, na wakikosea wawili pamoja walijifariji kwamba huenda kitabu ndicho kilichokosea. Baba Pacha akiwa jikoni alidakia majibu kwa sauti, yote ya uongo.

Mchana alianza kupita dukani kwa yule mpima macho. Alikwenda kwanza kumpa habari, maana yeye ndiye aliyemtia moto. Yule baba alisikitika kweli, akaacha hata kuimba. Kisha akamuuliza kama angependa kumsaidia mchana mara mbili kwa wiki, kupangusa vioo na kuwaonyesha watu fremu, kwa ujira mdogo. Mama Pacha hakujifanya anafikiri. Akawa anasimama nyuma ya kaunta ile, anawachagulia watu fremu kwa jicho la fundi nguo: uso mpana huu, pua hii fupi, hii hapana, hii itakubana masikioni. Akifunga duka anarudi nyumbani na kukuta chakula. Usiku analala fofofo.

Akajiandikisha kuurudia mtihani wa fizikia, kama mtahiniwa wa nje, aufanye siku moja na mabinti zake. Matokeo yalikuja baada ya muda, na yalikuwa mazuri: Mkubwa aliongoza, Mama Pacha na Mdogo wakafuata wakiwa wamelingana, jambo ambalo Mdogo alilitangaza kwa fahari zaidi kuliko kama angefaulu peke yake. Mama Pacha ameomba tena, pale pale na kwingine kuwili. Majibu hayajaja, na hayamkoseshi usingizi. Lakini ukimuuliza habari za mwaka ule, hatakusimulia matokeo. Atakusimulia asubuhi ya mtihani wenyewe.

Walifika watatu wamefuatana, kalamu zimechongwa. Msimamizi alikuwa mlangoni anaita watahiniwa mmoja mmoja. Mapacha wakaingia. Mama Pacha alipoinua mguu kuwafuata, yule msimamizi akanyoosha mkono kwa adabu.

"Mama yangu, wazazi wanasubiri kule kwenye benchi."

"Mzazi ni mimi," akasema Mama Pacha, akamwonyesha kitambulisho, "na mtahiniwa ni mimi."

Darasa zima likageuka. Mtu mmoja nyuma akapiga mluzi. Mkubwa akajificha uso kwenye viganja, Mdogo akasimama kabisa akampungia mkono, "Mama, nafasi yako iko hapa mbele!" Msimamizi akasogea pembeni, anajizuia kucheka, akamwambia, "Basi pita, mama, nisamehe." Akapita, akaketi kwenye dawati dogo lililombana mapaja, akaipangusa miwani, akasubiri karatasi.

Walipotoka jua lilikuwa kali. Walitembea kwa miguu, watatu wamejaa barabara nzima, wanabishana juu ya swali la nne. Mkubwa anasema taswira inapinduka, Mdogo anasema haipinduki, Mama Pacha anasema inategemea umekiweka kitu wapi. Hakuna aliyekubali kushindwa. Walisimama kwenye kivuli cha duka moja wakanunua maji baridi, wakaipokezana chupa hiyo hiyo, na Mama Pacha, bado anaeleza, akaokota kijiti chini, akachuchumaa na gauni lake zuri, akaanza kuichora ile lenzi mchangani ili waione.